Usitie chipu kwenye PlayStation ya PAL kabla ya kuijaribu televisheni

Usimlipe fundi huyo bado. Umeandika kwamba una PlayStation ya kwanza ya PAL, yaani iliyoundwa kwa mfumo wa picha wa televisheni za Ulaya, na televisheni ya chogo, na kwamba fundi amekuhakikishia kuwa akishatia chipu, diski za Japani na Marekani zitacheza bila shida. Maneno hayo hayo niliuziwa mimi na mtu ambaye hakuuliza hata mara moja mashine ingeunganishwa na televisheni gani, akapokea fedha yote. Gemu likafunguka, sauti ikatoka safi, lakini picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, nayo ikapanda skrini nzima bila kutulia. Bado linanikera, kwa sababu swali moja tu lingetosha.

Kwa diski hizo, chipu huondoa kufuli la eneo, yaani kizuizi kinachoifanya mashine ikatae diski za maeneo mengine, basi; tatizo la picha linabaki. PAL ina mistari 625 na nusu-picha 50 kwa sekunde, ilhali NTSC, mfumo wa televisheni uliotumika Japani na Marekani, ina mistari 525 na nusu-picha zinazokaribia 60. Diski ya NTSC huiamuru mashine yako itoe hizo 60, na televisheni iliyoundwa kwa 50 pekee haiwezi kuishika picha hiyo. Hata inayoweza kuishika huenda ikaikosa rangi, kwa kuwa inasubiri rangi iliyofungwa kwa utaratibu wa PAL. Wala usidhani kwamba televisheni inayosoma NTSC inamaliza tatizo: saa ya ndani ya mashine ya PAL mara nyingi huyasogeza masafa ya rangi pembeni kidogo, na rangi hupotea vilevile. Kinachoirudisha ni waya wa RGB kupitia tundu pana la nyuma ya televisheni liitwalo SCART, kwa sababu nyekundu, kijani na buluu husafiri kila moja kwenye njia yake, pasipo kufungwa pamoja.

Ni kweli kwamba matoleo mengi ya PAL huenda polepole kwa takriban sehemu moja ya sita, tena yana pau nyeusi juu na chini, kwa hiyo ninaielewa hamu yako.

Ila televisheni kwanza. Chukua deki ya DVD, ingia kwenye mipangilio yake, uihamishe kutoka PAL hadi NTSC, kisha utazame. Picha ikitulia, hata bila rangi, tafuta tundu la SCART linalopokea RGB nyuma ya televisheni, ndipo uzungumze na fundi. Ikiviringika, fedha ya chipu iweke kwenye televisheni nyingine.