Kaburi la babu na mtani wetu wa Kihehe

Dada, umeuliza kama mtoto aliyekulia katikati ya makabila mengi anaweza kuipenda anthropolojia, somo la kuchunguza jamii za watu na mila zao, maisha yake yote, au ni hamu ya ujana itakayopita. Binti yako kamaliza kidato cha sita, anataka kuiomba chuo, na mjomba wake anasema hilo ni somo la wazungu la kuchungulia watu. Nakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe, maana nimeishi na somo hili zaidi ya miaka ishirini na bado halijanichosha.

Nimezaliwa kambi ya mkonge wilayani Muheza. Babu mzaa baba alikuwa Mngoni wa Songea, aliyeletwa Tanga miaka ya 1950 na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba iliyokuwa ikikusanya vibarua kutoka mbali. Waliitwa manamba, kwa ajili ya namba walizopewa. Bibi alikuwa Mbondei wa hapo hapo. Nyumba ya kushoto Waha wa Kasulu, ya kulia Wamakonde wa Newala, na mbele yetu mzee mmoja wa Kihehe aliyeishi peke yake. Jioni korona ikizimwa, ile mashine ya kukamua majani na kutoa singa, ungesikia lugha nne au tano kabla hujafika bombani. Watoto tulikula popote: bada, yaani ugali wa muhogo, kwa bibi, samaki wa migebuka wa mawese kwa Waha wakipata mgeni kutoka Kigoma.

Lakini hayo hayakunifanya niulize chochote. Mtoto huyazoea kama anavyozoea mvua. Kilichonishtua ni msiba.

Babu alifariki 1986, nikiwa na miaka tisa. Kaburi lilikuwa tayari, jeneza limetuliwa pembeni. Yule mzee wa Kihehe, mwenzake babu wa kucheza bao kila Jumapili, akashuka kaburini, akajilaza chali, mikono kifuani. Akapaza sauti: "Huyu mwizi wa ng'ombe wetu haingii humu bure. Lipeni kwanza!" Watu wakacheka. Msibani! Mimi nililia kwa hasira, nikaokota donge la udongo nimpige. Bibi akanishika mkono. Kwa mkono wa pili na meno akafungua fundo la khanga yake, akatoa noti ya shilingi kumi, akaidondosha kaburini. Mzee akaitazama huku na huku, akasema haitoshi. Akaongezewa. Ndipo akatoka, akachukua sepetu, akafukia mpaka mwisho bila kumpokeza mtu, na machozi yakimtiririka. Matanga yote alilala kwetu.

Nikamuuliza baba. "Ni mtani." Kwa nini? "Wahehe ni watani zetu." Kwa nini? "Tulipigana nao zamani." Baba aliona amemaliza, na mimi ndipo nilipoanza. Inakuwaje mtu ambaye babu zake walipigana na babu zangu ndiye apate haki ya kumtukana babu mbele ya jeneza lake, na yeye huyo huyo ndiye amzike?

Baada ya hapo nikaanza kuona mambo. Baba wa rafiki yangu wa Kimakonde alipofariki, akaja mjomba mtu kutoka Newala, akakaa kwenye kiti, akaamua watoto waende wapi. Nilidhani ni mporaji. Kumbe kwao ukoo unafuata mama, na mjomba ana sauti kuliko baba mdogo yeyote. Kwetu Wangoni mtu wa namna hiyo angefukuzwa kwa fimbo. Nyumba mbili, ukuta mmoja, na jibu la "mtoto ni wa nani" halifanani.

Chuo, mwaka wa pili, nikakutana na makala ya mwanaanthropolojia Mwingereza, A. R. Radcliffe-Brown, ya 1940 kuhusu utani. Anaueleza kuwa ni uhusiano ambao mtu anaruhusiwa, na pengine analazimika, kumtania mwenzake, na mwenzake hatakiwi kukasirika. Nilisimama na kile kitabu katikati ya maktaba. Kisha nikapata ya R. E. Moreau ya 1941, inayohusu utani wa Tanganyika hasa. Moreau hakuwa mwanaanthropolojia, alikuwa mtaalamu wa ndege, akifanya kazi kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ile ile tuliyokuwa tukiiona kutoka kambini kwetu. Mtu wa ndege alikuwa ameuliza swali langu zaidi ya miaka thelathini kabla sijazaliwa.

Sasa nikuonye jambo moja, maana binti yako anaweza kuteleza hapo. Utoto wa namna hii unakudanganya kwamba tayari unawajua watu. Nilipokwenda Iringa kufanya utafiti wangu wa kwanza, nilimkalisha bibi mmoja nikamweleza utani wa Wahehe na Wangoni, vita vya miaka ya 1870 na 1880, suluhu, kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, umekuja kuuliza au kunisimulia?" Nilifunga daftari. Siku tatu zilizofuata nilimsaidia kupukuchua mahindi bila kuuliza lolote, na katika siku hizo nilijifunza kuliko muhula mzima.

Na mchanganyiko wenyewe haukutokea tu. Serikali ya kikoloni iliziacha sehemu kama Songea na Kigoma ziwe chimbuko la vibarua. Mwanamume aliyehitaji fedha ya kodi alifunga safari kwenda kukata mkonge. Hili ndilo linalonishughulisha zaidi siku hizi, kuliko mila zenyewe: nani alitukutanisha, na kwa faida ya nani.

Kwa hiyo mjomba wake ana haki nusu. Wakoloni walilitumia somo hili kutawala. Tanganyika walikuwa na mtaalamu wao wa jamii, Hans Cory, aliyeandika sheria na mila za Wasukuma, na karatasi zake zipo maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini Jomo Kenyatta alikaa darasani kwa mwanaanthropolojia Malinowski, London, akatoka na kitabu juu ya Wakikuyu mwaka 1938, na alikitumia kudai ardhi yao. Somo hufuata aliyelishika. Bora alishike binti yako.

Yule mzee alifariki 2011. Kambi ilikuwa imebaki nyumba chache tu. Watoto wake walitoka Iringa, hawakunifahamu. Jeneza lilipofika nikavua viatu, nikashuka kaburini, nikajilaza chali. Vijana wao waliduwaa. Mama mmoja mzee wa Kihehe akapiga kigelegele, akaanza kufungua fundo la khanga.