Jibu: Dizeli yangu imeanza kunywa mafuta

Habari ndugu. Kwa hiyo gari lilikuwa likienda kilomita 15 kwa lita, sasa 11, halitoi moshi na hakuna taa iliyowaka.

Kabla ya kugusa injini, pima upepo wa matairi yakiwa baridi. Ukitoka safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuishika. Moja ikifukuta kuliko nyingine, breki yake inang'ang'ania.

Kama huko ni salama, tazama geji ya joto. Langu lilinitesa miezi: nikabadilisha chujio la hewa, nikaosha nozeli za kunyunyizia mafuta, pesa ikaenda bure. Kumbe thamostati, ile vali inayozuia maji ya kupoza injini mpaka ipate joto, ilikwama ikiwa wazi! Injini isipopata joto lake, kompyuta huendelea kuiongezea mafuta. Ukishaendesha dakika 20 na mshale bado uko chini, anzia hapo.

Hujasema kama safari zako ni fupi fupi. Gari lenye chujio la masizi kwenye ekzosi hutumia mafuta ya ziada kuchoma masizi hayo, na ukizima katikati litaanza upya.

Halafu pima matumizi ya mafuta kwa kujaza tenki, usiamini dashibodi. Yangu hunidanganya.