Senene, kikanda na ukoko: majibu kwa wasomaji

Mwezi uliopita niliwauliza wasomaji: ni chakula gani mlichokulia nacho na bado mnakipenda, ila mnakila mlango umefungwa? Wengi mmenijibu kwa swali, basi leo ni zamu yangu. Msimamo wangu niuseme mapema. Simhukumu mtu kwa sura ya chakula chake. Ninachotaka kujua ni kimetoka wapi na kimepita mikono ya nani kabla ya kufika sahanini.

Shangazi, mimi ni mtu wa Tanga, mume wangu Mhaya. Kila Novemba ndugu zake wanatuletea senene kutoka Bukoba. Sasa mwanetu wa miaka minne anawatafuna kama karanga, na mimi hata kuwatazama siwezi. Nimkataze? Na je, senene ni halali? – Mke wa Mhaya

Mwanangu, wewe mtu wa Tanga unayemla kamba na kichwa chake, leo unamkimbia senene? Waweke sahani moja uwatazame vizuri: gamba, miguu tele, macho yamekutolea. Ni jamaa wa mbali hao. Mmoja umezaliwa ukamkuta jikoni kwa mama yako, mwingine umemkuta ukweni, basi.

Ujamaa huo una jambo moja zito ndani yake. Mtu ambaye akila kamba anatoka vipele, anavimba midomo au anabanwa pumzi, anaweza kupatwa na hayohayo kwa senene, kwa sababu protini inayoleta mzio inafanana. Kama mtoto anakula kamba bila shida na senene hawajamdhuru mpaka sasa, mwache ale. Hakikisha tu kwamba mabawa yamenyonyolewa na miguu ya nyuma imeondolewa, maana ile ina miiba inayoweza kumkwama kooni.

Zaidi ya hapo, waulize wakwe zako waliwapataje. Zamani senene waliokotwa majanini alfajiri, umande ukiwa bado umewalemea mabawa. Siku hizi wafanyabiashara wanawasha taa kali usiku kucha, wanasimamisha mabati kuzunguka taa, senene wanagonga bati na kuteleza mpaka ndani ya pipa. Wanapatikana wengi, lakini kila mdudu anayependa mwanga anaingia pipani pamoja nao, na wamo wenye sumu inayobabua ngozi. Halafu wanashindiliwa kwenye viroba, wa chini wanakufa na kuanza kuharibika kabla ya kufika sokoni. Kwa hiyo wachambue mmoja mmoja, na wakikutolea harufu ya uvundo usijidanganye kwamba kitunguu kitaificha.

Kupika ni rahisi. Waoshe, watie sufuriani bila mafuta, moto wa wastani. Wana mafuta yao ya kutosha, yatatoka yenyewe. Tia chumvi na kitunguu, geuza mpaka maji yakauke na waanze kulia wakigongana. Hapo ndipo mtoto wako anapokuwa na haki ya kuwafananisha na karanga.

Uliuliza pia kuhusu halali. Hadithi ya Mtume inayohalalisha mizoga ya samaki na nzige unaijua; kama senene anaingia humo, mpelekee shehe wako, mimi ni mtu wa jiko. Na ukitaka mwenzako wa kutokula, wapo: kule Uganda, Baganda wa ukoo wa Nsenene hawamgusi, ndiye mwiko wao. Kwa hiyo kutokula si aibu. Ila usimkunjie mtoto uso anapokula, maana kinyaa tunafundishwa, na mwalimu wa kwanza ni uso wa mama.

Mimi ni wa Vihiga, naishi Nairobi. Tukiwa wadogo tulikuwa tunagonga vijiti kwenye kichuguu ili kumbikumbi watoke, tunawala wakiwa hai. Watoto wangu wanasema nimewatungia. – Baba Watatu

Hujawatungia. Kumbikumbi ni mchwa waliojaliwa mabawa, na hutoka kwa kundi baada ya mvua, ardhi ikiwa laini, kwenda kuoana na kuanzisha vichuguu vipya. Mchwa hutambua mtikisiko kwa miguu yake. Vijiti vyenu vilikuwa vinajifanya mvua. Wakubwa wenu walikuwa wanafunika kichuguu kwa majani ya migomba au blanketi, wanaacha tundu moja, na chini ya tundu chungu kinangoja.

Kuwala hai siwezi kukutetea mbele ya watoto, ingawa najua mlivyokuwa mnashindana. Wakaange bila mafuta, waanike, wapepete mabawa kwa ungo, kisha ugali wa wimbi uwe karibu. Mkinunua Nairobi, waulize wauzaji walikotolewa: pembeni mwa shamba linalopuliziwa dawa si pahali pa kuokota chakula. Au mwaka huu wapeleke watoto nyumbani msimu wa mvua ndefu, wagonge wenyewe.

Nimezaliwa Tunduma. Kikanda cha karanga ndicho nilichokuwa nanunua nikitoka shule. Sasa nipo Dodoma, natamani, lakini rafiki yangu anasema ni haramu kisheria. Kweli? – Mla Kikanda

Swali hili nilikuwa nalingoja, na jibu lake halitakufurahisha lote.

Kwa wasiokijua: kikanda kinatokana na viazi vidogo vya okidi, yale maua ya porini ya nyanda za juu. Viazi vinakaushwa, vinatwangwa, unga unapikwa pamoja na karanga zilizotwangwa, pilipili, chumvi na magadi mpaka unashikamana, kisha unakatwa vipande kama keki. Rangi ni ya kahawia, kinatafunika kama soseji, hakina hata chembe ya nyama. Zambia wanakiita chikanda na wanakila kwa wingi kuliko sisi. Utamu wake siubishi hata kidogo.

Tatizo ni viazi. Ukichimba kiazi umemaliza mmea, na okidi haipandwi kama muhogo: mbegu yake ni kama vumbi, inahitaji kuvu maalumu udongoni ili iote, kisha miaka kadhaa ndipo itoe kiazi cha maana. Soko la Zambia lilipokua kuanzia miaka ya 1990, watu wa Makete, kule nyanda za juu kusini, na jirani zake walichimba viazi kwa mamilioni, na upande wa Zambia wenyewe vilikuwa vimeshaadimika. Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na hayo maua ni sababu kubwa. Kuchimba ndani ya hifadhi ni kosa. Tena okidi zote zimo katika mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuvusha viazi mpakani bila kibali nako ni kosa.

Kula kipande ulichopikiwa na bibi yako si kosa. Lakini ukiniuliza mimi, kifanye chakula cha kwenda nyumbani mara moja moja, si cha kuagiza kilo kumi na basi. Hapo Dodoma uko kwenye mlenda wa Wagogo. Ukiutia karanga utakubembeleza kidogo.

Wenzangu kazini wananicheka kwa sababu kwetu Mtwara tunakula panya. Niwajibu nini? – Mmakonde wa Ubungo

Waambie panya wa shambani anayeshinda kwenye mihogo si yule wa mtaro wa Ubungo, na huyo wa mtaro hata wewe humli. Akamatwe mzima, si kuokotwa amekufa, maana hujui kama ni sumu au ugonjwa uliomuua. Ababuliwe manyoya, utumbo utupwe, aive sawasawa. Wakiendelea kucheka, wapikie kwanza ming'oko, vile viazi vya porini vya kwenu. Watazoea.

Nina mimba ya miezi mitano na siwezi kulala bila kutafuna udongo wa pemba. Mama yangu naye alikula, na sisi sote tuko salama. – Mwanamke wa Temeke

Hapa naweka mzaha pembeni, dada. Hamu ya udongo kwa mjamzito mara nyingi inakwenda na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe unashika chuma tumboni kisifyonzwe. Yaani unakula kitu kinachokuongezea hamu ya kukila. Tena udongo wa aina hii umewahi kupimwa katika nchi mbalimbali ukakutwa na madini ya risasi, ambayo yanapita mpaka kwa mtoto tumboni na kumdhuru. Kwa macho au kwa ladha huwezi kuyajua, na kipande cha leo hakitoki shimo ulimochimbwa udongo wa mama yako.

Kliniki ijayo mwambie muuguzi wazi, bila haya. Ameshasikia habari hiyo mara nyingi. Omba upimwe wingi wa damu, na vile vidonge vya kuongeza damu vimeze, usivifiche kabatini kwa sababu vinakuchefua. Hamu ikikubana usiku, wengine wanasaidiwa na kutafuna barafu au karoti.

Mume wangu analalamika nikimpa wali bila ukoko. Tangu tuhamie kwenye gesi ukoko unaungua. Na kiporo chake cha asubuhi je, ni salama? – Bi Harusi, Mombasa

Ukoko mzuri ni wa wali wa nazi, na makaa ndiyo yaliyokuwa yakiutengeneza: moto kidogo chini, makaa mengine umepalia juu ya kifuniko. Kwa gesi, maji yakikauka shusha moto mpaka mwisho, weka bati zito kati ya sufuria na moto, funika kabisa, uache robo saa bila kufunua. Ukisikia harufu ya nazi iliyokaangwa, zima.

Kiporo kina sharti moja. Wali uliopikwa una vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na kuchemka, na wali ukilala sufuriani katika joto la Mombasa vinazaliana na kutoa sumu ambayo hata ukipasha haiondoki. Utambaze kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili, asubuhi upashwe mpaka utoe mvuke. Kama huna friji, pika wa kuisha.

Nimetumiwa gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kutoka Shinyanga, nimesahau mama alivyokuwa anapika. – Msukuma wa Muscat

Ioshe, iloweke mpaka ilainike, ichemshe kwa maji ya kuifunika tu. Ikiiva, tia karanga za kusagwa zilizokorogwa kwa maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo, ukoroge kwa moto mdogo. Karanga zisitangulie, zitashika chini.