Kati yetu na Kongo, nani anamaliza misitu?

SWALI: Shikamoo mzee. Hapa kijiweni Kibaigwa dereva mmoja wa lori anabisha kwamba Kongo wanakata misitu kutuzidi. Mimi nimebisha. Nani kashinda? – Muuza kahawa

JIBU: Marahaba mwanangu. Mmeshinda wote, ila mwongeze kahawa dereva. Takwimu za mwaka 2020 za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, zilionyesha Kongo ya Kinshasa ilikuwa na hekta milioni 150 hivi za misitu mwaka 1990. Kufikia 2020 zilibaki 126. Sisi Watanzania tulitoka milioni 57 hadi kama 46. Kwa hekta, wao wamepoteza mara mbili yetu.

Sasa hesabu kama mgawo wa ugali. Katika kila hekta 100 walizokuwa nazo, wao wamepoteza 16. Sisi 20! Sufuria lao ni kubwa tu.

Wala usidhani msitu ni lile giza la Kongo peke yake. FAO huhesabu hata miombo, mradi miti izidi mita 5 na vivuli vyake vifunike zaidi ya asilimia 10 ya eneo. Kwa hiyo magunia ya mkaa uyaonayo barabarani yamo kwenye hesabu hiyo. Nami napikia mkaa, sikufichi.