Mageuzi au mageuko ya damu ya ndege?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia mtaani Umoja, Nairobi. Ninawaandalia wanafunzi makala kuhusu damu ya ndege, na nimeipa kichwa "Mageuzi ya seli nyekundu za ndege". Mwenzangu wa Kiswahili amekata "mageuzi" akaandika "mageuko". Je, kuna tofauti?

JIBU: Ipo, Mwalimu, na mwenzako amekufaa sana.

Sikiliza vitenzi vyenyewe. Kugeuza kuna mwenye kugeuza: mpishi anageuza chapati. Kugeuka hakumtaji mtu: upepo umegeuka. Ndiyo maana udongo ukimomonyoka tunasema mmomonyoko, mlima ukiporomoka tunasema maporomoko, lakini serikali ikipinduliwa tunasema mapinduzi. Walioelekea uwanja wa Kamukunji, Nairobi, siku ya Saba Saba, yaani tarehe 7 Julai 1990, walidai mageuzi ya kisiasa, na walijua wanamdai nani. Viumbe wanaobadilika kizazi baada ya kizazi hawana wa kumdai. Hayo ni mageuko.

Ila usiishie kwenye kichwa. Nenda soko la Burma, uombe tone la damu ya kuku, ulipake kwenye kioo, ulitie rangi na kulitazama kwa hadubini. Kila chembe nyekundu ina umbo la yai, na katikati pana kidoa cha zambarau: kiini, sehemu ya chembe inayohifadhi vinasaba. Za kwako wewe ni visahani vilivyobonyea katikati, bila kidoa chochote. Wanafunzi wengi hudhani ndege ndio walioacha njia. La! Samaki, vyura na mijusi nao kwa kawaida wana kiini humo. Ndege wamebaki na hali ya kale. Waliogeuka ni mamalia, ambao chembe zao hukitema kiini zikiwa bado kwenye uboho wa mifupa, nafasi ikabaki ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni.

Kwa hiyo usiandike "ndege waliamua kukihifadhi kiini" wala "mageuko yalikiondoa". Ukiandika hivyo, yule mtu uliyemtoa mlangoni anarudi kupitia dirishani. Andika: "Kiini kilibaki kwa ndege, kikapotea kwa mamalia." Mimi hupenda sana vitenzi kama kugeuka, kubaki na kupotea kwa kazi ya sayansi, vinasema lililotokea na kunyamaza.

Seli au chembe? Yote mawili ni sahihi, mradi usiyachanganye katika makala moja. Mimi ningechagua chembe, kwa kuwa mtoto wa Nairobi akisikia "seli" huwaza kituo cha polisi kwanza. "Kiini" nalo lieleze mara moja tu, maana darasa litakumbuka kiini cha yai, kile cha manjano, na hicho ni kitu kingine kabisa.

Na ukichoshwa na msururu wa "za" katika "chembe nyekundu za damu za ndege", andika "chembe nyekundu katika damu ya ndege".