Mcheza gofu, usidharau kifundo cha mguu

Wacheza gofu tukikaa kuzungumzia maumivu, tunataja mgongo, kiwiko na bega. Mguu husahaulika mpaka siku uteguke. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, swingi, yaani mzunguko wa kupiga fimbo, ikimalizika karibu uzito wote umelalia mguu wa kushoto, na kifundo kinalazwa kwa nje huku mwili ukigeuka. Rudia hivyo mashimo 18, na njiani umetembea kilomita nane au zaidi.

Kifundo changu kiliteguka masika, hapa Moshi, nikishuka mteremko wa nyasi zilizolowa. Jioni kiatu hakiingii. Nyumbani shangazi alishachemsha maji ya kunikanda na kumwita mama anayechua. Nilimwomba kwa heshima asubiri, na ndugu zangu nawasihi hivyo hivyo: kano iliyochanika ikichuliwa au kukandwa kwa moto siku za mwanzo, uvimbe huongezeka. Weka barafu ndani ya kitambaa dakika 15 hadi 20, pumzisha, kisha rudia. Funga bandeji isiyobana sana, inua mguu juu ya mto. Ukishindwa kupiga hatua nne, au mfupa wa kifundo ukiuma unapobonyezwa, nenda ukapigwe eksirei bila kungoja kesho. Hospitali ya KCMC haiko mbali.

Kazi kubwa inaanza maumivu yakishapoa. Kano ikichanika, mguu hupungukiwa na uwezo wa kujiweka sawa, ndiyo maana aliyeteguka mara moja huteguka tena kirahisi. Nilisimama kwa mguu mmoja kila nikipiga mswaki, kisha nikafumba macho, na hapo ndipo nilipojua jinsi ulivyokuwa dhaifu. Uwanjani nilianza kwenye grini tu, pale penye shimo ambapo mpira husukumwa taratibu, nikaja fimbo fupi. Dreva, fimbo ndefu ya kupiga mbali, ilikuwa ya mwisho.

Wapo wanaomtaja mcheza gofu Mmarekani Tony Finau, aliyeteguka kifundo kwenye mashindano ya Masters ya mwaka 2018, akacheza kesho yake na kumaliza katika kumi bora. Yule alikuwa na madaktari na kipimo cha MRI asubuhi ile ile. Mfano unaotufaa ni Rory McIlroy: mwaka 2015, akiwa namba moja duniani, aliumia kano ya kifundo akicheza mpira wa miguu na rafiki zake, akakubali kuyakosa mashindano makubwa ya The Open.

Ukirudi, geuza kidogo vidole vya mguu wa mbele (wa kushoto kwa anayepiga kwa kulia) kuelekea shabaha unaposimama kwenye mpira; kifundo kitapumua. Kagua na meno ya viatu, hasa nyasi zikiwa na umande.