Sungura hawafiki kilo 2 mapema: ninunue dume la Flemish Giant au nichague hapa hapa?

SWALI: Shikamoo dokta. Nafuga sungura huku Kibosho mwaka wa nne sasa, nina majike 12 na madume 2, mchanganyiko wa mbegu za nyama, New Zealand White na Californian. Mwanzoni watoto walikuwa wanafika kilo 2 kwa miezi mitatu, sa hivi ni miezi minne na wengine wanapitiliza, na peleti (chakula cha vidonge cha dukani) ndo hivyo inapanda bei. Kuna jamaa ananiambia ninunue dume la Flemish Giant nipate ukubwa, mwingine anasema nichague tu kati ya hawa hawa nilionao. Ntajuaje nani anakula kidogo anakua haraka wakati wote wanakula bakuli moja? Na hawa madume 2 nibaki nao?

JIBU: Marahaba dada, na asante kwa kuweka namba, maana wengi wananiandikia tu "hawakui" na mimi siwezi kujua hawakui kivipi. Kabla ya Flemish nikuulize, mwezi wa 12 watu waliporudi nyumbani kula Krismasi ni sungura gani walichinjwa? Mabanda mengi niliyoyaona kuanzia Machame mpaka Marangu jibu ni moja, anachinjwa au kuuzwa yule aliyetangulia kujaa, wa miezi mitatu ana kilo 2 tayari, na wale waliodumaa wanaachwa "wakue kwanza", wakija kukua wana miezi saba na ni majike wakubwa, basi wanapandishwa. Ukifanya hivyo miaka mitatu minne umeshachagua mbegu tayari, ila umechagua wanaochelewa. Hili linaniuma sana kwa sababu mfugaji anajitahidi, anakata majani asubuhi na jioni, halafu mbegu nzuri yote inaishia kwenye sufuria.

Ila nikwambie ukweli, kutoka miezi mitatu mpaka minne ni kushuka kukubwa, hakuwezi kuwa damu, yaani urithi wa wazazi, peke yake. Angalia maji kwanza (jike anayenyonyesha anaweza kumaliza lita nzima kwa siku na zaidi), angalia koksidia (vimelea vya tumboni vinavyoharisha) kwa watoto waliotoka kuachishwa, angalia masikio kama kuna upele, na angalia kama peleti unayonunua sasa ni ile ile ya zamani. Sungura mgonjwa usimpime ukasema mbegu mbaya. Hayo yakiwa sawa ndo tuongee uchaguzi.

Sasa uzito upi wa kuangalia? Wengi wanashika mtoto siku anayoachishwa, wanaona huyu mkubwa, wanamweka alama. Hapo umempima mama yake. Mtoto wa uzao wa watoto 4 anaachishwa akiwa mnene kuliko wa uzao wa watoto 9 kwa sababu alipata maziwa mengi, sio kwamba ana damu nzuri. Damu yake mwenyewe inaanza kuonekana akishaachana na titi na kujitegemea kwenye chakula, kwahiyo tunapima mara mbili, siku anayoachishwa, tuseme siku ya 35, halafu siku ya 70, tunatoa, tunagawa kwa 35. Hiyo namba, gramu kwa siku, ndo ya kuandika kwenye daftari. Wenzetu Hispania, chuo kikuu cha ufundi cha Valencia, wana ukoo wa sungura wanaouita R ambao umechaguliwa miaka mingi kwa kitu hicho hicho kimoja, uzito ulioongezeka kwa siku kati ya siku ya 28 na ya 63, na koo nyingine wanazichagua kwa idadi ya watoto wanaofika kuachishwa, hizo ndo za akina mama. Hawachanganyi kazi.

Kupima kwenyewe hakuhitaji vitu vya gharama. Mzani wa jikoni wa kidijitali unaobeba kilo 5, beseni juu yake, bonyeza isome sifuri, mtoto ndani, subiri atulie uandike. Pima asubuhi kabla hujawapa chakula, na siku ya 70 iwe asubuhi vile vile, maana tumbo lililojaa linaongeza gramu nyingi tu. Alama weka ndani ya sikio kwa maka peni isiyofutika, uirudie kila wiki maana mama anairamba na wao wanairamba, au kama una mtu mwenye koleo la kuchanja namba bora zaidi. Bila alama kazi yote ni bure, watoto weupe 30 nani atawajua?

Kitu kingine ni usawa. Usilinganishe mtoto wa mwezi wa pili na wa mwezi wa saba, hata huko kwenu juu kuna baridi ya mwezi wa saba, na kwa wanaofuga Moshi mjini, Himo au Kahe joto likishapita nyuzi 30 sungura anakula kidogo na anakua kidogo hata awe na damu ya dhahabu. Kwahiyo pandisha majike 4 ndani ya siku mbili tatu, watazaa pamoja baada ya siku kama 31, kisha ndani ya siku mbili tatu za kwanza hamisha watoto ili kila mama awe na idadi inayokaribiana, labda 7 au 8, mama mtoe kidogo, watoto wageni wachanganye na wa kwake kwenye manyoya ya boksi wapate harufu, ndo umrudishe. Andika nani kahamishwa, mama aliyemzaa usimpoteze kwenye daftari. Hao wa majike 4 ndo unaowashindanisha wao kwa wao.

Utapata nini? Kukua baada ya kuachishwa kunarithika kwa kiasi cha wastani, asilimia 20 mpaka 30 hivi. Idadi ya watoto kwa uzao iko chini sana, asilimia 10 au pungufu, ndo maana ukichagua jike eti kwa sababu alizaa 10 mara moja huoni mabadiliko. Chukua mfano, banda lako wastani ni gramu 16 kwa siku, na wazazi uliowachagua, dume na jike, wastani wao ulikuwa 20. Wamezidi kwa 4, asilimia 25 ya hiyo ni gramu 1, basi watoto wao tegemea wastani wa 17 kama matunzo hayajabadilika. Ukichagua madume tu ukaacha majike wa bahati nasibu unapata nusu gramu. Inaonekana ndogo, najua, ila ifuate vizazi vitatu iwe 19. Mtoto aliyeachishwa na gramu 600 anatakiwa kuongeza 1,400 kufika kilo 2, kwa gramu 16 ni siku 88, kwa 19 ni siku 74. Wiki mbili kila sungura hajala kwako. Na kuna mtu atakwambia New Zealand White inakua gramu 35 mpaka 40 kwa siku, ni kweli, ila ni kwa peleti nzuri muda wote na hali ya hewa ya ubaridi, usijipime na hiyo.

Hapo ndo jibu la swali lako la chakula linaanzia. Sungura kila siku anatumia chakula kwa ajili ya kuishi tu, kupumua, kupata joto, kabla hajaweka nyama hata gramu moja. Anayefika kilo 2 mapema amelipa siku chache za kuishi, kwahiyo ukichagua kukua haraka unavuta na matumizi ya chakula bila kupima bakuli la kila mmoja. Ukitaka uhakika pima kwa uzao mzima ndani ya kizimba kimoja. Tuseme watoto 6 wameongeza jumla kilo 3.36 kwa siku 35 na wamemaliza peleti kilo 15, gawa, ni kama kilo 4.5 za chakula kwa kilo moja ya uzito. Uzao wa jirani nao watoto 6 wameongeza kilo 4.2 wakala kilo 16.8, hiyo ni 4 kamili. Umeona? Waliokula zaidi ndo wenye faida. Anayekula kidogo usimtafute, wengi wao ni wagonjwa au wadumavu.

Lakini weka trei au mfuko uliokatwa chini ya bakuli, kwa sababu kuna watoto wanachimba peleti kwa miguu ya mbele zinamwagika chini, na wewe unahesabu zimeliwa. Kusanya, pima, toa. Na kama unachanganya na matete mabichi hesabu hii iache kabisa, majani mabichi karibu asilimia 80 ni maji, namba itakudanganya, baki na gramu kwa siku peke yake. Ila usije ukakata majani na nyasi kavu ukajaza pumba na mashudu ili wakimbie kukua, sungura akikosa nyuzinyuzi tumbo linaharibika, wanahara na wanakufa wale wale waliokuwa wanaongoza.

Flemish Giant sasa. Ni mkubwa kweli, kilo 6 na kuendelea, ila ukubwa wa mtu mzima sio sawa na kuwahi sokoni. Anajenga mifupa kwanza, nyama inachelewa, jike lake linakula sana mwaka mzima hata kama halinyonyeshi, na kwenye sakafu ya waya uzito ule unamtoa vidonda chini ya miguu. Akikuingilia kwenye majike ya kuzalisha umejipandishia gharama ya chakula ya banda zima. Matumizi yake sahihi ni dume la mwisho, anapanda majike yako ya kawaida na watoto WOTE wanauzwa, hubakizi hata mmoja. Huko Marekani, Alabama kisha Texas, walitengeneza aina inayoitwa Altex kwa kazi hiyo, ina damu ya Flemish Giant, Champagne d'Argent na Californian, ikachaguliwa kwa uzito wa siku ya 70. Kwa majike 12 mimi nisingekushauri uanze na hilo, huna nafasi ya kutenganisha makundi mawili.

Kuhusu madume 2 kwa miaka minne, nina uhakika kuna baba anapanda mabinti zake hapo. Baba na binti, au ndugu wa baba mmoja mama mmoja, watoto wanabeba asilimia 25 ya damu iliyojirudia (ile ile kutoka kwa baba na kwa mama), ndugu wa baba mmoja tu ni 12.5, na matokeo yake ni uzao mdogo, watoto dhaifu na kukua taratibu, inawezekana sehemu ya tatizo lako ni hii. Tafuta madume mapya 3 ya New Zealand White au Californian kutoka kwa wafugaji ambao hawakununua mbegu kwako wala pale uliponunua wewe, huko Usa River au Tengeru ulizia, na umwombe akuonyeshe uzito ulioandikwa, asipokuwa nao mwambie akuuzie watoto watatu wanne wa siku 35 kutoka kwa mama tofauti uwapime mwenyewe mpaka siku ya 70 ubaki na mmoja. Gawa majike yako makundi matatu ya wanne wanne, kila kundi dume lake. Mabinti bora wanabaki kundi la mama yao, vijana bora wa kundi la kwanza wanahamia la pili, wa pili la tatu, wa tatu la kwanza, kushika nafasi ya dume la huko ili asipande mabinti zake, na kwa kila uzao usichukue kijana zaidi ya mmoja.

Madume wageni wakae mbali na banda wiki tatu hivi, uchungulie masikio na pua, na usiwapandishe kabla ya miezi mitano sita. Hao 2 wa zamani waendelee na kazi mpaka wapya wawe tayari, ila kila mtoto watakayemzaa kuanzia leo ni wa kuuza, na Krismasi hii uanze na hao.